Shokapu Inayofupishwa Inaifaa Fremu Ipi?

Mtu anayejiundia baiskeli ya mlima, fremu kaipata huku, magurudumu kayatoa kule, hufika mahali akakwama kwenye shokapu ya mbele. Baada ya fremu, hicho ndicho kipande cha bei kubwa kuliko vingine, na ndicho kinachoipa baiskeli nzima tabia yake. Hapo ndipo anapokutana na kishawishi: shokapu ambayo ukizungusha nobu iliyo juu ya mguu wake wa kushoto inafupika kutoka milimita 160 hadi 130, ukizungusha tena inarudi. Ndefu ya kuteremkia, fupi ya kupandia. Nani akatae?

Tuuite mzamo ule umbali ambao shokapu inaweza kubonyea, kuanzia imenyooka yote hadi imegota chini. Wengi wanaouliza kuhusu shokapu za mzamo wa kubadilika huanza na shokapu zenyewe: ya springi au ya upepo, ya kampuni gani, ya mwaka gani. Naona wanaanzia mwisho. Ni kweli kwamba kufupisha shokapu kunapunguza mzamo, lakini kinachohisiwa na mpandaji kilimani ni mabadiliko ya pembe za fremu. Pembe hizo zikiwa tayari ziko sawa, nobu ile haina kazi. Kwa hiyo swali la kwanza linahusu fremu, na hasa umri wake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua baiskeli ambayo ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana kwa milimita 1200, na shingo ya fremu imelala kwa pembe ya digrii 65. Ukifupisha shokapu kwa milimita 30, mbele ya fremu inashuka kama milimita 27, kwa kuwa shokapu imelala na haikusimama wima. Milimita 27 kwa urefu wa 1200 ni mzunguko wa digrii 1.3 hivi, ekseli ya nyuma ikiwa ndiyo kitovu. Shingo inasimama zaidi kwa digrii hizo 1.3, siti inasogea mbele kwa kiasi hicho hicho, na ekseli ya pedeli, ambayo iko kama milimita 430 mbele ya ile ya nyuma, inashuka karibu milimita 10. Mafundi wana kanuni yao ya mkato kwamba milimita 20 za shokapu ni digrii moja. Kwenye baiskeli ndefu za siku hizi kanuni hiyo inazidisha kidogo, lakini kwa mazungumzo ya dukani inatosha.

Je, digrii 1.3 ni nyingi? Mlima wa asilimia 15 unailaza baiskeli nyuma kwa digrii 8.5. Mwenye fremu ambayo pembe yake ya siti ni digrii 73 anajikuta ameketi kana kwamba ni 64 na nusu: makalio yamebaki nyuma ya pedeli, mikono imenyooka, gurudumu la mbele halina uzito juu yake na linayumbayumba kushoto na kulia. Shokapu zenyewe zinaongeza tatizo. Kwenye tambarare, shokapu ya mbele ya milimita 160 huwa imezama kama asilimia 20 kwa uzito wa mpandaji peke yake, yaani milimita 32. Njia ikisimama, uzito unahamia nyuma. Tuseme mbele inainuka milimita 16 na nyuma inazama 10 zaidi. Piga hesabu ile ile, utapata digrii 1.2 zilizopotea. Maana yake, kufupisha shokapu kwa milimita 30 kunarudisha takriban kile ambacho mlima ulikuwa umekichukua, basi. Aliyetegemea kwamba fremu mbovu kwa kupanda itageuka kuwa nzuri amejipa matumaini makubwa mno.

Hata hivyo, kifaa hiki hakikubuniwa na wajinga. RS-1 ya RockShox, iliyotokana na kazi ya Paul Turner mwishoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa na mzamo wa kama milimita 50. Greg Herbold alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kuteremka huko Durango, Colorado, mwaka 1990, alikuwa juu ya shokapu ya kampuni hiyo. Kwa msimu wa 1997 Marzocchi ya Italia ilikuja na Bomber Z1, milimita 100, na watu wakashangaa. Miaka kumi baadaye, baiskeli ambayo mwenyewe anaipandisha kwa miguu yake na kuishusha kwa kasi ilikuwa na shokapu ya milimita 150 au 160 pasipo mtu kushangaa.

Mzamo ulikuwa umeongezeka mara tatu. Fremu hazikwenda nao. Siti ilibaki kwenye digrii 72 au 73, mbele ya fremu ilibaki fupi, na shingo ikawa inalazwa kidogo kidogo kwa woga. Ukiweka shokapu ndefu kwenye fremu ya aina hiyo, kila milimita unayoiongeza mbele inakurudisha nyuma ya pedeli. Kosa lilikuwa la fremu, ila waliojitokeza kulitibu ni watengenezaji wa shokapu, na ndiyo maana tiba yenyewe ikawa ya pembeni.

Kila mmoja alitibu kwa namna yake. Marzocchi walikuwa na ETA, ambayo haikugusa springi kabisa: ukiwasha, mafuta yanazuiwa kuirudisha shokapu juu. Ikibonyea inabaki chini, na kinachobaki cha kucheza ni milimita chache. Ni mfumo wa kupandia peke yake. Ukisahau kuuzima ukaanza kuteremka, utakumbushwa na jiwe la kwanza. Fox walikuwa na TALAS ya upepo. Bionicon ya Ujerumani ilikwenda mbali kuliko wote kwa kuunganisha mbele na nyuma kwa upepo, hivyo kwa kitufe kwenye usukani mbele ikashuka na nyuma ikapanda kwa pamoja. Kwa upande wa fikra, hao ndio waliolielewa tatizo vizuri zaidi, kwamba ni la pembe, na kwamba pembe ina ncha mbili. Lakini ilibidi ununue baiskeli yao nzima, na habari hiyo haimsaidii anayejiundia yake.

U-Turn ya RockShox inastahili kutazamwa ndani, kwa sababu ndiyo ambayo mjenzi bado anaweza kuikuta kwenye soko la mitumba ikiwa nzima, na kwa sababu ni ya akili rahisi. Psylo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa nayo, ikibadilika kati ya milimita 80 na 125. Baadaye ikaja Pike ya springi, kati ya 95 na 140. Ndani ya mguu wa kushoto mna springi ya koili, na kichwani mwake kimefungwa kipande chenye mifereo ya skrubu. Koili imeshikwa kwenye mifereo hiyo. Unapozungusha nobu kipande hicho kinajisokota kuingia ndani ya springi, na ile mizunguko ya koili iliyokwisha kushikwa inaacha kufanya kazi. Springi inayobaki ni fupi, na shokapu inafupika nayo. Hakuna upepo wa kuvuja, hakuna vali. Unaweza kusimama popote katikati, 110, 122, unavyotaka.

Matokeo yake ya pembeni hayaandikwi kwenye karatasi ya bei. Springi yenye mizunguko michache inayofanya kazi ni ngumu zaidi, kwa hiyo Pike iliyoshushwa hadi 95 ni ngumu kuliko Pike ya 140. Kwa kupanda hilo ni neema, maana shokapu haichezi ovyo unaposimama kwenye pedeli. Mwenye kutaka kuitumia fupi siku nzima kwenye njia tambarare zenye mizizi ataiona inamgonga mikono, na itabidi apunguze kasi ya kurudi, kwa sababu springi ngumu inarusha juu kwa nguvu zaidi ilhali upande wa mafuta haujui kilichobadilika. Ongeza uzito: Pike ile ya koili inapita kilo mbili. Ongeza pia kwamba kuizungusha kutoka mwisho hadi mwisho ni kazi ya kusimama, au ya kuendesha kwa mkono mmoja ukiwa umeinama juu ya usukani. Njia ya kupanda na kushuka kila baada ya dakika tatu haikupi nafasi hiyo, na wengi huishia kuiacha mahali pamoja wakasahau kama inazunguka.

Shokapu za upepo zilitatua suala la uzito na la haraka. TALAS za baadaye zilikuwa na vituo viwili tu, kwa mfano 160 na 120 kwenye baadhi ya matoleo. Dual Position Air ya RockShox, iliyochukua mahali pa mfumo wao wa awali ulioitwa 2-Step, ilikuwa ya aina hiyo hiyo: zungusha nobu, bonyeza usukani kwa uzito wako, upepo unapita kwenye chumba kingine na shokapu inabaki chini. Rudisha nobu, inapanda yenyewe. Sekunde mbili. Lakini vyumba viwili vinataka vali kati yake, na kila mahali upepo unapozuiwa pana sili, na kila sili inasugua chuma. Msuguano huo ndio unaoifanya shokapu isite kabla ya kuanza kuzama kwenye vijiwe vidogo. Watu walioendesha shokapu ileile kwa aina zake mbili, yenye chumba kimoja na yenye vituo viwili, hulalamikia jambo hilo hilo: ya vituo viwili haina ulaini ule wa mwanzo. Wanaoishika dukani kwa kuibonyeza mara mbili tatu hawatalihisi. Litahisiwa baada ya saa moja ya kuteremka, kwenye viganja.

Pana suala jingine ambalo wauzaji hawakulipenda. Shokapu ikishuka, ekseli ya pedeli nayo imeshuka zile milimita 10. Kupanda kwenye mawe na mizizi ndiko kunakotaka pedeli iwe juu, na hapo ndipo kifaa kinapokuadhibu kwa kupiga pedeli chini katikati ya mlima na kukusimamisha. Kwa hiyo uwanja halisi wa shokapu inayofupishwa ni mwembamba kuliko unavyodhaniwa: mlima mrefu, mkali, laini, unaofuatwa na mteremko mrefu. Hiyo ndiyo barabara ya msituni ya Alps, ambako asilimia 10 hadi 15 kwa saa nzima si jambo la ajabu, njia ni ya changarawe iliyoshindiliwa, na huko juu ndiko unakoanza mteremko wenyewe. Siyo ajabu kwamba Wajerumani, Waaustria na Waswisi waliishikilia teknolojia hii wakati wengine wameshaichoka. Kwa jiografia yao walikuwa na haki.

Ukiileta hesabu hiyo Usambara, inabadilika. Kutoka Mombo kwenda Lushoto unapanda kama mita elfu moja kwa umbali wa kilomita 33 hivi. Kwa wastani ni asilimia 3. Ni safari ya kuchosha, lakini mwinuko wa asilimia 3 unailaza baiskeli nyuma kwa chini ya digrii mbili. Gurudumu la mbele halitainuka, makalio hayatarudi nyuma, na ukifupisha shokapu hutaona tofauti yoyote. Kinachokusaidia barabara kama ile ni kuifunga shokapu isicheze, na uwezo huo unapatikana hata kwenye shokapu za bei ya chini. Vijia vinavyokatisha kati ya mashamba juu ya Lushoto ni habari nyingine, vina makali yake, lakini vingi vina mawe, na tumeshaona pedeli iliyoshuka inafanya nini kwenye mawe. Kabla ya kununua, mtu aijue milima yake. Simu yenye ramani ya mwinuko itamwambia kwa dakika moja.

Kilichokuja kuiua shokapu hii sokoni hakikutoka kwa wapinzani wake. Kilitoka kwenye fremu. Mondraker ya Hispania ilipotoa fremu zake ndefu mbele zenye stemu fupi ya kushikia usukani kwa msimu wa 2013, wengi walidhani ni mzaha. Nicolai ya Ujerumani ikafuata na Geometron, ndefu zaidi, shingo imelala zaidi. Baada ya hapo kila mwaka fremu zilirefuka, na pamoja na kurefuka kulitokea jambo lililotuhusu sisi wapandaji zaidi: pembe ya siti ilisimama. Kutoka digrii 73 ikaenda 74, 75, na leo fremu ya kati ya 76 na 78 iko kila duka. Iliwezekana kwa sababu nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe ilikuwa imeenea, hasa baada ya RockShox kutoa Reverb mwaka 2010, hivyo siti iliyosogezwa mbele haikuwa tena kero wakati wa kuteremka. Unaiteremsha, inapotea.

Linganisha. Kutoka 73 hadi 77 ni digrii nne, zipo muda wote, hazina sili, hazina nobu, hazigharimu gramu hata moja. Shokapu ile ilikupa 1.3, ukikumbuka kuizungusha. Juu ya hapo giya nazo zilipanuka. SRAM Eagle ya mwaka 2016 ilikuja na gia ya meno 50 nyuma, na mpandaji akapata uwezo wa kuukaa mlima mkali taratibu bila kusimama kwenye pedeli. Sababu za kufupisha shokapu ziliondoka moja baada ya nyingine.

Mwelekeo wa viwanda unaonekana vizuri kwenye Flight Attendant, mfumo wa kielektroniki ambao RockShox waliutoa mwaka 2021. Una vihisio, unatambua kama unapanda au unateremka, na unazikaza au kuzilegeza shokapu zote mbili bila kuuliza. Pamoja na akili yote hiyo, hauifupishi shokapu hata milimita moja. Wenye kumbukumbu watasema Canyon walijaribu kwa njia ya nyuma, kwenye Strive ya 2015 na Shapeshifter yake iliyotengenezwa kwa mchango wa Fabien Barel, ambapo kitufe kwenye usukani kilibadilisha pembe na tabia ya shokapu ya nyuma. Nayo ni baiskeli nzima ya kununua, si kipande cha kufunga.

Kwa hiyo anayeanza leo na fremu mpya ya digrii 76 au zaidi, jibu lake ni fupi: aachane nayo. Anunue shokapu ya mzamo mmoja, nyepesi, laini, yenye sili chache, na pesa inayobaki aipeleke kwenye matairi na breki.

Lakini hata huyo anahitaji shokapu yenye mzamo wa kubadilika kwa maana nyingine kabisa, na hapa ndipo ningependa wajenzi watumie muda mwingi zaidi wa kufikiri. Shokapu nyingi nzuri za sasa za upepo, Pike, Lyrik, Fox 34 na 36, zinaweza kurefushwa au kufupishwa mezani kwa kubadilisha shafti ya upepo, kwa hatua za milimita 10 ndani ya mipaka ya kila modeli. Hii haifanyiki njiani. Inafanyika mara moja, pengine mbili, katika maisha ya baiskeli, mpaka mwenyewe aridhike. Shokapu ya milimita 160 uliyoipata kwa bei nzuri inaweza kuwa ya 140 kwa ajili ya fremu uliyo nayo, bila kupoteza chochote katika ulaini wake.

Kazi yenyewe, kwenye shokapu ya RockShox ya aina hiyo, inafanyika hivi. Upepo unatolewa wote kwanza, wote kabisa, kwa kubonyeza vali huku ukiibonyeza shokapu mara kadhaa. Hili halina mzaha, kwani ukiondoa klipu na upepo ungali ndani, shafti itakurukia usoni. Kisha bolti mbili za chini zinalegezwa mizunguko mitatu minne, zinagongwa kwa nyundo ya plastiki mpaka shafti ziachie, na hapo mafuta meusi yanaanza kudondoka kwenye beseni. Miguu ya chini inavutwa, inatoka yote kwa pamoja na harufu yake. Kwenye bomba la kushoto, chini, kuna klipu ya duara ya kutolewa kwa koleo maalumu. Ikitoka, shafti ya zamani inafuata na pistoni yake. Mpya inapakwa grisi na kuingizwa kwa kuizungusha polepole ili sili isikatwe na ukingo wa bomba. Klipu inarudi, na fundi mwangalifu huizungusha kwa kidole kuhakikisha imekaa kwenye mfereo wake. Mafuta mapya yanatiwa kwa kipimo cha kitabu, miguu inafungwa.

Kujaza upepo kuna utaratibu wake, na wengi hapa huharibu kazi nzuri. Shokapu hizi zina chumba cha pili chini ya pistoni, kinachosaidia shokapu kuanza kuzama kwa urahisi, nacho kinajazwa na kile cha juu kupitia kibonyeo kidogo kwenye ukuta wa bomba wakati pistoni inapokipita. Ukijaza hadi mwisho bila kuibonyeza, chumba cha chini kinabaki kitupu na shokapu inakuwa ngumu mwanzoni. Jaza kidogo, bonyeza polepole mara kadhaa, sikiliza upepo ukihama, jaza tena. Anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza atumie alasiri nzima. Na kwa kuwa RockShox hutaka miguu ya chini ifunguliwe kwa usafi na mafuta mapya kila saa 50 za kuendesha, na kazi kubwa ya ndani kila saa 200, kubadilisha mzamo kunaweza kwenda sambamba na matengenezo ambayo yalikuwa yamefika zamu yake.

Unajuaje mzamo unaoifaa fremu? Usitazame mzamo. Tazama urefu kutoka ekseli ya gurudumu hadi pale shokapu inapogusa shingo, kwa kuwa huo ndio unaopanga pembe. Shokapu mbili za milimita 150 kutoka kampuni mbili zinaweza kutofautiana urefu huo kwa milimita kadhaa. Mwenye fremu hupewa na mtengenezaji kipimo cha juu cha kutovuka, na kukivuka si suala la pembe tu: shokapu ndefu ni mtaimbo unaoivuta shingo ya fremu kila unapofunga breki ya mbele. Fremu za alumini za zamani hupasuka hapo hapo, chini ya shingo, kwenye welding. Milimita 10 juu ya kipimo watu hujaribu. Milimita 30 ni kujitafutia daktari.

Mengine ni ya kupima kwa rula. Kipenyo cha bomba la shingo, lililonyooka au lenye kitako kinene. Ekseli ya 9, 15 au 20, na upana wa habu, 100 au 110. Saizi ya gurudumu. Mahali pa kufungia breki ya diski. Na urefu wa bomba lenyewe, kwa sababu la mtumba limeshakatwa kwa ajili ya fremu ya mtu mwingine, na chuma kilichokatwa hakirefushwi.

Sasa turudi kwa mwenye fremu ya zamani, maana kwenye makontena ya baiskeli za mtumba kutoka Ulaya ndizo zinazojaa: za magurudumu ya inchi 26, shokapu mbele na nyuma, miaka ya 2005 hadi 2012, siti kwenye digrii 73, shingo 67 au 68. Zina thamani, nyingi zilitengenezwa vizuri. Kwa fremu hizi shokapu inayofupishwa ina haki yake, kwa sababu tatizo iliyolitibu bado liko pale pale. Ningechagua ya koili kabla ya ile ya upepo, hata kama ni nzito kwa nusu kilo. Springi haizeeki kama sili inavyozeeka, na shokapu ya vyumba viwili yenye umri wa miaka 15 inahitaji vipuri ambavyo hata Ulaya kwenyewe havipatikani kwa urahisi.

Akiwa ameng'ang'ania ya upepo, aipime hivi kabla ya kutoa pesa. Aipandishe hadi juu kabisa na apime kwa tepu sehemu ya bomba inayoonekana. Aishushe, aiache hivyo wakati wanaongea bei, kisha airudishe juu na apime tena. Ikikosa kurudi pale ilipokuwa, hata kwa milimita 10, vali ya ndani inavujisha upepo kutoka chumba hadi chumba. Halafu afunge breki ya mbele, aisukume baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye maungio ya juu ya miguu: kikihisi mchezo, bushi zimekwisha. Mikwaruzo kwenye bomba ijaribiwe kwa ukucha. Ukucha ukinasa, kila shokapu inapozama sili inakatwa.

Kuna mjenzi mmoja wa mwisho ambaye kwake naona shokapu inayofupishwa, ya koili, ina raha kamili, naye ni mwenye fremu isiyo na shokapu ya nyuma. Kwake hakuna nyuma ya kulinganisha nayo, pembe zote zinatoka mbele, na akiketi mbele inazama na pembe zinasimama zenyewe. On-One ya Uingereza ilikuwa na fremu ya chuma iliyoitwa 456, jina likimaanisha inchi 4, 5 na 6, mizamo ambayo fremu ilibuniwa kuibeba, yaani kama milimita 100 hadi 150. Fremu kama hiyo na Pike ya kati ya 95 na 140 zilikuwa zimeumbiana. Hapo nobu haizungushwi kilimani. Inazungushwa nyumbani, mwezi wa kwanza, nusu mzunguko leo, mzunguko kesho, mpaka mwenye baiskeli apate urefu anaoupenda, halafu anaiacha.